Mgeuza Kurasa wa Muziki wa Jumatano

Mji mzima ulimwita Bi Kidole, naye aliitika bila kununa. Jina hilo alilipata katika chumba cha kufulia cha hospitali, alikopiga pasi mashuka tangu usichana wake mpaka alipostaafu. Kabla ya kuishusha pasi alilamba kidole, akakigusisha chini yake, tss, akasikiliza. Ikilia hivi, bado. Ikilia vile, tayari. Wenzake walimwambia ipo siku kidole kitabaki hapo hapo kwenye pasi. Hakikubaki. Kilistaafu naye kikiwa kizima, kikapata kazi nyingine kanisani, ya kugeuza kurasa.

Kazi hiyo ieleweke vizuri, maana wapo wanaoidhani mzaha. Kila Jumatano adhuhuri kanisa lilifungua milango yote miwili, watu wakaingia bure kusikiliza piano. Hapakuwa na mahubiri wala kapu la sadaka. Waliingia makarani wa ofisi za jirani, wauza duka waliomwachia mwenzao mlango, watu waliokuja kuona wagonjwa wakakuta muda haujafika, na dereva mmoja wa lori aliyekaa benchi la nyuma kabisa akila mkate kwa siri, akidhani haonekani. Mpigaji alikuwa Mwalimu, mjane wa kaka yake Bi Kidole, mwanamke aliyefundisha muziki shuleni mpaka akang'oka meno mawili kwa uzee. Kushoto kwake, kwenye kiti kisicho na mto, alikaa Bi Kidole. Mwalimu akitikisa kichwa kidogo, Bi Kidole huinuka bila kiti kulia, hulamba kidole, hushika pembe ya juu ya ukurasa, hugeuza, hukaa. Nota hakuijua hata moja. Kwake zilikuwa sisimizi wamepanga foleni kwenye waya.

Mawifi hawa waliishi nyumba moja tangu kaka mtu alipofariki, na kama unawajua mawifi, huna haja ya kuambiwa zaidi. Mwalimu hakuwa mtu wa kuacha jambo lipite. "Wifi, hiyo sketi umeipiga pasi au umeikalia?" Fikiria, kumwambia hivyo mtu aliyenyoosha mashuka ya hospitali nzima! Bi Kidole naye hakukopesha. "Bora sketi yangu, wifi, kuliko chai yako. Mgonjwa akipewa hiyo anapona kwa hasira." Ndivyo walivyopendana.

Kwa hiyo Mwalimu alipoanza kunyamaza, Bi Kidole aliingiwa na hofu. Wiki ikapita, nyingine ikapita, hakuna sketi iliyosemwa wala kitambaa cha kichwa kilichochekwa. Akaamua kumtega. Siku moja wakienda kanisani alivaa kiatu kimoja cheusi na kingine cha kahawia, akatembea navyo katikati ya soko. Wauza nyanya walicheka hadi wakashikana mabega. Mwalimu alikuwa ubavuni pake, kimya.

Kwenye geti la kanisa Bi Kidole akasimama. "Wifi, nimevaa viatu gani?"

"Tangu lini mimi nikawa mlinzi wa viatu vyako?"

"Kimoja cheusi, kimoja cha kahawia. Soko zima limenicheka, isipokuwa wewe."

Mwalimu aliushika ule mlango wa geti kama mtu anayepima kama rangi imekauka. Kisha akasema polepole kwamba ni presha ya macho, kwamba daktari ameshasema hayarudi, na kwamba anachokiona sasa ni mwanga wa dirisha tu, na mtu akipita mbele yake, kivuli. "Macho yameondoka, sawa, nimeyaaga. Lakini Jumatano, wifi, Jumatano wasininyang'anye. Wakininyang'anya hiyo, nichimbieni kaburi tu."

Na wangemnyang'anya, si maneno. Kanisa lilikuwa na sheria yake, iliyoletwa na aibu. Mpigaji aliyemtangulia Mwalimu alikuwa hodari wa kupiga kwa kichwa, bila karatasi, mpaka siku walipokuja wageni wakubwa. Alifika katikati ya wimbo akapotea. Akarudia kipande kile kile, akakirudia tena, kama mlevi anayejaribu funguo kwenye mlango wa jirani, mwishowe akafunika piano akatokea mlango wa nyuma, na hakuonekana tena. Baraza la wazee likakaa likakata kauli: tangu leo, hakuna atakayegusa piano ile bila kitabu kuwa wazi mbele ya macho yake. Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa mzee wa kanisa aliyebeba funguo za milango yote kiunoni, zikilia kila akitembea. Watu walimwita Mzee Funguo. Hakuwa mbaya. Ila aibu ile ilikuwa imemwingia mifupani, na mtu wa namna hiyo habembelezeki.

Basi mawifi wakala njama. Mwalimu alikuwa na nyimbo za maisha yake yote kichwani. Alikumbuka hata ukurasa unaishia wapi. Kitabu kitawekwa, kitafunguliwa, yeye atatikisa kichwa mahali pake, Bi Kidole atageuza. Kutoka mlangoni hadi kwenye piano, Mwalimu atamshika wifi yake kiwiko. Mji ulipowaona wanatembea wameshikana ukasema, jamani, tazameni mawifi walivyopatana uzeeni. Siri ya mtungi aijuaye kata. Bi Kidole aliishi hivyo miezi kadhaa, kila Jumatano akirudi nyumbani amelowa jasho kana kwamba bado yuko kwenye mvuke wa chumba cha kufulia.

Halafu akaja Dada Mkuu. Huyo alikuwa mkufunzi mpya wa kwaya, mwanamke bado kijana, mnyoofu wa mgongo, na watu walimpa jina hilo kwa sababu aliwapanga waimbaji kama wanafunzi mstarini. Kila alipokwenda alikuwa na karatasi za nota kwapani. Siku ya Jumapili alimwendea Mwalimu nje ya kanisa akamwamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo Mwalimu. Jumatano nitakuja kukusikiliza. Ule wimbo mrefu nina nakala yake, nitakuwa nafuata nota kwa nota."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana," akajibu Mwalimu, akitabasamu kuelekea pembeni kidogo ya uso wa yule mwanamke.

Bi Kidole aliliona tabasamu lile linavyokosea njia, akasogea haraka akajiweka katikati. Alikuwa na hakika kwamba huyu ametumwa na Mzee Funguo. Mkufunzi mpya, mpiga piano mzuri, kijana, mwenye macho yake mawili. Kiti cha Mwalimu kingempendeza sana.

Mkosi ukafuata mkosi. Jumatatu mvua iliwakuta njiani wakitoka mazoezini, kitabu kikalowa ndani ya mkoba. Kurasa zilipokauka zikajikunja na kuumuka. Bi Kidole alikitazama kitabu kile kilivyovimba, akaona hakiwezi kukaa hivyo mbele ya Dada Mkuu. Akafanya alichokijua. Kingo zilizochanika alizipaka gundi ya karatasi, akazibana vizuri, kisha akatandika kitambaa cheupe mezani, akalamba kidole, tss, akapiga pasi kitabu cha muziki, ukurasa kwa ukurasa. Kikanyooka! Kikawa kama shuka la mganga mkuu. Alijisifu mwenyewe jikoni, hapakuwa na mwingine wa kumsifu.

Jumatano ilipofika kanisa lilijaa kuliko kawaida, maana mvua ilikuwa imerudi na watu walitaka paa. Dada Mkuu alikaa benchi la mbele, upande wa kushoto, karibu kiasi cha kuweza kuzisoma namba za kurasa kwenye kitabu cha piano. Nakala yake aliilaza mapajani. Nyuma yake alikaa Mzee Funguo, funguo amezifumbata mkononi zisilie. Bi Kidole alimfikisha Mwalimu kitini, akamsogezea kitabu, akakifungua.

"Amekaa wapi?" Mwalimu akanong'ona.

"Mgongoni kwangu. Kidogo anipakate."

"Haya. Tulia. Unapumua kama fahali."

Muziki ukaanza. Ulikuwa wimbo wa kuanza chinichini, halafu unapanda taratibu, unajaa. Kichwa cha Mwalimu kikatikisika. Bi Kidole akainuka, akageuza, akakaa. Kikatikisika tena, akageuza tena. Karatasi za Dada Mkuu nazo zilifunuliwa wakati ule ule, sawia, shwaa na shwaa. Bi Kidole akaanza kuamini kwamba Mungu ni wa wajane.

Kichwa kikatikisika mara ya tatu. Alilamba kidole, akashika pembe, na hapo hapo kidole kikamwambia. Mtu aliyeshika mashuka maisha yake yote hahitaji kuambiwa lipi ni moja na yapi ni mawili. Kurasa zilikuwa mbili zimeshikana: ile gundi, pasi ilikuwa imeiyeyusha ikapita upande wa pili. Lakini mkono ulikuwa umeshaondoka. Kurasa zote mbili zikapinduka, zikalala upande wa kushoto, zimenyooka kama alivyozinyoosha mwenyewe.

Mwalimu aliendelea kupiga, angejuaje? Bi Kidole akabaki amesimama. Akajaribu kupenyeza ukucha kati ya zile kurasa. Zikatoa sauti ya kuchanika, akaacha. Akirudisha nyuma, ataonekana anarudisha huku muziki unakwenda mbele. Asiporudisha, kitabu kiko mbele na muziki uko nyuma, na mwenye macho ataona. Aligeuza shingo kidogo tu. Dada Mkuu alikuwa ameacha kutazama nakala yake. Alikuwa anatazama kitabu kwenye piano, kisha uso wa Mwalimu, kisha kitabu tena. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo.

Sasa akili ya mtu aliyebanwa, ndugu yangu, haina adabu. Bi Kidole aliwaza: mpigaji mwenye macho, kitabu kikianguka, husimama. Basi kikianguka, wifi atasimama, nitaomba radhi mimi, nitaitwa mzee mikono inatetemeka, tutaokota, tutaanza upya. Aibu iwe yangu. Hakuwaza mara mbili. Alikipiga kitabu kiwiko.

Kikaanguka. Kilipiga ukingo wa piano, kikapiga sakafu, mlio wake ukapanda mpaka kwenye mbao za dari. Watu wakashtuka. Dereva wa lori aliacha kutafuna. Mabega ya Mwalimu yaliruka, kidole chake kimoja kikagusa pasipo pake, sauti moja mbaya ikatoka.

Na muziki haukusimama.

"Simama, wifi!" Bi Kidole akanong'ona. "Kitabu kimeanguka! Simama!"

"Kaa chini," akasema Mwalimu bila kufungua meno.

"Wanaona!"

"Nimesema kaa."

Bi Kidole akakaa kama kuku aliyenyeshewa. Mbele yao kibao cha kuwekea kitabu kilikuwa kitupu, na kila jicho ndani ya kanisa lilikiona kilivyo kitupu, na Mwalimu alipiga. Hakupunguza. Pale wimbo ulipojaa aliujaza, mikono ikapishana, mvua ikawa inapiga mabati juu naye anaipiga chini. Bi Kidole alikuwa amekaa pembeni ya muziki huo kwa miaka, na ilikuwa mara ya kwanza kuusikia akiwa hana kazi. Aliogopa, akajivunia, akataka kulia, vyote pamoja. Kila kituo alichokifahamu kilipofika alijikaza asiinuke.

Ulipokwisha, watu hawakupiga makofi tu, walisimama. "Kumbe anaujua wote kwa kichwa!" akapaza sauti karani mmoja. Mzee Funguo naye alisimama, uso umegawanyika nusu kwa nusu: makofi yalimfurahisha, sheria ilimuuma. Akaja mbele, funguo zikilia. Lakini Dada Mkuu alikuwa amemtangulia.

"Mwalimu, hongera sana, sijawahi kusikia kama hivi," akasema. Kisha akatoa kwapani karatasi mpya. "Nimeandika wimbo wangu mwenyewe. Nilitaka uupige Jumatano ijayo. Hebu nitazamie mstari wa kwanza tu, uniambie kama unafaa." Akaziweka zile karatasi mikononi mwa Mwalimu.

Mtego, akawaza Bi Kidole. Huyu mwanamke ni nyoka wa chumbani. Akachomoka kitini. "Ah, leo haitawezekana, mwanangu, miwani ameiacha nyumbani. Juu ya kabati. Nimeiona kwa macho yangu, nikamwambia wifi chukua miwani, akasema..."

"Wifi," Mwalimu akamkata.

"...akasema mvua itailowesha..."

"Wifi, inatosha. Umenisitiri vya kutosha." Mwalimu alizipapasa zile karatasi kwa viganja, toka juu hadi chini, kisha akazinyoosha kuelekea sauti ilikotoka. "Sina miwani, mwanangu. Macho ndiyo sina. Sioni hata mstari wako uko upande gani wa karatasi."

Mzee Funguo alisimama mguu mmoja mbele.

"Tangu lini, Mwalimu?"

"Tangu mahindi ya mwaka jana yalipovunwa."

"Na sisi siku zote hizi tunakiona kitabu kinageuzwa!" Sauti ya mzee ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Mmetufanya watoto. Ungepotea katikati, je? Ungetuacha na aibu kama yule?"

"Ningepotea, mzee, mngeniona nimepotea. Leo nimepotea?"

Mzee alizifumbata tena funguo zake. "Sheria ni sheria. Si yangu, ni ya baraza. Jumatano ijayo atapiga huyu dada. Na wewe Bi Kidole, mkono wako bado una nguvu, utamgeuzia yeye."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Mikono yake ilirudi juu ya piano, ikalala bila kubonyeza chochote, na Bi Kidole akaiona. Hasira zikampanda kutoka kwenye nyayo.

"Mzee, mimi namgeuzia mtu asiyeona," akasema, na safari hii hakunong'ona. "Huyo ana macho mawili mazima. Ajigeuzie."

Kicheko kimoja kikaponyoka nyuma, cha yule dereva. Dada Mkuu hakucheka. Alikuwa amezishika karatasi zake kifuani, macho yamejaa maji, na Bi Kidole, aliyemwita nyoka dakika chache tu zilizopita, akaona haya.

"Mimi sipigi, mzee," akasema Dada Mkuu. "Nilikuja kusikiliza. Nilizifuata nota zake zote mpaka kitabu kilipogeuka vibaya. Baada ya hapo nikaacha kufuata, nikawa nasikiliza tu. Mwenye kiti hiki ninyi mnaye."

"Basi Jumatano hakuna muziki?" akauliza muuza duka mmoja, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa chake.

Mzee Funguo akawatazama watu, wakamtazama. Mwishowe akasema baraza litakaa, akaenda kufunga madirisha ambayo hayakuwa wazi.

Baraza lilikaa. Lilikaa mpaka chai ikaisha na maneno yakaanza kurudia. Wapo waliosema sheria ifutwe, wapo waliosema ukifuta moja utafuta zote, na Mchungaji, ambaye alipenda amani kuliko ugali wa moto, alisema sheria ibaki na Mwalimu abaki. Ikapita hivyo hivyo. Mzee Funguo alikwenda mwenyewe kuwapa habari mawifi, akasimama mlangoni, akasema: utapiga, Mwalimu, lakini kitabu kitakuwa wazi mbele yako, na kitageuzwa, kama ilivyoamriwa. Alisema bila kucheka hata kidogo.

Kwa hiyo mpaka leo ndivyo ilivyo. Jumanne Dada Mkuu anakuja nyumbani kwao kumpigia Mwalimu nyimbo mpya kwenye kinanda kidogo cha mkononi mpaka aziweke kichwani, akikosolewa kila mstari. Jumatano adhuhuri milango yote miwili inafunguliwa, Mwalimu anaingia ameshikwa mkono waziwazi, kitabu kinawekwa, kinafunguliwa. Mji mzima unajua kwamba hakioni. Mji mzima unakitazama. Hata Mzee Funguo hunyoosha shingo.

Jumatano ile ya kwanza baada ya baraza, Bi Kidole alikaa kitini amelegea. Kwa mara ya kwanza hakuwa na siri ya kubeba, akaona atageuza akijisikia, kwani kuna ubaya gani? Mwalimu aliweka vidole juu ya piano, kisha akainamisha kichwa kuelekea upande wake.

"Wifi."

"Abee."

"Kaa vizuri, na ugeuze moja moja. Watu wanaona."